Caton-Thompson: Mwanamke aliyeyahoji mawe ya Zimbabwe na Hadhramaut

MSAFIRI atokaye Garsen kuelekea Lamu, kisha akaiacha barabara kuu na kushika njia ya Kipini hadi pale Mto Tana unapomwaga maji yake baharini, huwa amekaribia magofu ambayo wengi huyapita bila kugeuza shingo.

Ni magofu ya Ungwana. Kuta zake za mawe ya matumbawe, misikiti yake na makaburi yake vimesongwa na vichaka kwa karne kadhaa. Pamoja na magofu ya Mwana na Shaka yaliyo katika ukanda huo huo, yanakumbusha kwamba delta hii ya wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma iliwahi kuwa na miji iliyojuana na dunia nzima ya Bahari Hindi.

Swali ambalo halikosi kuulizwa mbele ya kuta kama hizo ni moja: je, nani alizijenga? Kwa miaka mingi jibu lilitolewa kabla ya mtu kushika jembe kuchimba. Ilidaiwa kuwa palipo na jiwe lililochongwa Afrika, hapana budi mgeni ndiye aliyelichonga.

Miongoni mwa watu waliolipinga jibu hilo kwa ushahidi, na wala si kwa hasira, ni mwanamke Mwingereza aliyeitwa Gertrude Caton-Thompson. Bi huyu hakuchimbua Ungwana. Alichimbua mahali pawili palipotajwa mno katika mjadala huo: Great Zimbabwe, iliyodaiwa kuwa kazi ya watu wa Saba, na Hadhramaut, katika nchi yenyewe ya hao waliodaiwa kuwa wajenzi.

Safari ndefu ya kuingia chuoni

Gertrude alizaliwa jijini London mnamo Februari 1, 1888. Babake alifariki Gertrude akiwa bado mtoto mdogo, na mamake akaolewa tena na daktari. Aidha, familia ilikuwa na uwezo, na urithi aliopata alipokuwa kijana ulimwezesha baadaye kufanya utafiti bila kungoja mshahara wa mtu.

Hakuanza mapema. Alizuru Misri pamoja na mamake mnamo 1911 na kuvutiwa na mambo ya kale, lakini miaka iliyofuata aliitumia katika harakati za kudai haki ya wanawake ya kupiga kura, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alifanya kazi katika wizara ya Uingereza iliyosimamia meli. Mnamo 1919 alikuwa Paris kama karani katika mkutano wa amani uliofuata vita hivyo.

Alikuwa na umri wa miaka 33 alipoanza masomo ya akiolojia katika chuo cha University College jijini London mwaka wa 1921. Huko alifunzwa na Margaret Murray, na muda si muda akawa Misri akichimbua chini ya Flinders Petrie, aliyekuwa gwiji wa fani hiyo. Baadaye alisoma pia katika Chuo Kikuu cha Cambridge.

Petrie alikuwa hodari wa kutafuta makaburi yenye vitu vya thamani. Mwanafunzi wake alivutiwa na mambo mengine: mahali ambapo watu wa kawaida waliishi, walipika na kuhifadhi nafaka. Alichimbua polepole, tabaka baada ya tabaka, akiandika kila kitu kilikotoka. Kati ya 1925 na 1928, akishirikiana na mtaalamu wa jiolojia Elinor Gardner, alifanya kazi katika bonde la Fayum na kufichua mashimo ya kuhifadhia nafaka ya wakulima wa kale kabisa wa Misri.

Utaratibu huo wa kuheshimu tabaka ndio uliomfanya aitwe kusini mwa Afrika.

Kivuli cha Malkia wa Saba

Mjerumani Carl Mauch alipofika Great Zimbabwe mnamo 1871, alinusa kipande cha mti wa mlango na kukata shauri kwamba ni mwerezi wa Lebanon. Kutokana na harufu hiyo aliamini amelipata jumba la Malkia wa Saba, yule ambaye Waislamu wa pwani yetu humjua kwa jina la Bilkis.

Mwaka wa 1891 akaja Theodore Bent, aliyechimbua na kuchapisha kitabu akidai kuwa wajenzi walitoka Uarabuni. Bent alikuwa na hakika kiasi kwamba miaka miwili baadaye alisafiri hadi Hadhramaut kutafuta mambo ya kale ya huko. Walowezi wa Rhodesia nao waliipokea nadharia hiyo kwa mikono miwili. Iwapo wageni ndio waliojenga ustaarabu wa kale wa nchi hiyo, basi kutwaliwa kwake na wageni wapya kungeonekana kama mtu anayerejea kwenye shamba la babu.

Kwa pupa ya kuthibitisha hayo, tani za udongo ziliondolewa ndani ya kuta na kutupwa, kwa madai kuwa zilikuwa taka za Waafrika waliokuja baadaye. Taka hizo ndizo zilizobeba ushahidi wenyewe. Mnamo 1905 mtaalamu David Randall-MacIver alisema wazi kuwa magofu ni kazi ya Waafrika, lakini walowezi walimpuuza.

Mwaka wa 1929, Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi ilimtuma Bi Caton-Thompson aufunge mjadala. Alichukua wasaidizi wawili, wote wanawake: Dorothy Norie na kijana Kathleen Kenyon, ambaye baadaye alipata umaarufu mkubwa kwa uchimbuzi wake mjini Jericho. Jambo hilo peke yake liliwashangaza wengi wakati huo.

Bi huyu hakuanza na minara. Alitafuta sakafu ambayo haijaguswa na mtu, kwa sababu kitu kilicho chini ya sakafu isiyotobolewa hakiwezi kuwa kimeletwa baada ya sakafu hiyo kutengenezwa. Aliipata katika magofu ya Maund, yaliyo bondeni. Chini ya sakafu na misingi alikuta vyungu vya wenyeji, vyuma vya wenyeji, na shanga za kioo zilizoletwa kwa biashara ya Bahari Hindi. Alichimba hata njia chini ya ule mnara mashuhuri wa duara. Hakupata kaburi wala hazina ya Saba.

Mwaka huo huo alisimama mbele ya mkutano wa wanasayansi nchini Afrika Kusini na kutangaza kwamba kila ushahidi alioupata ulielekea upande mmoja: magofu ni ya Waafrika, na ni ya zama za kati, wala si ya enzi za Nabii Suleiman. Profesa Raymond Dart, mtu mwenye sifa kubwa katika elimu ya asili ya binadamu, alimjibu kwa ghadhabu. Barua za kumshutumu zilimfuata kwa miaka mingi, naye akaziweka katika faili aliloliita la wendawazimu. Kitabu chake kuhusu utafiti huo kilitoka mwaka wa 1931.

Ni haki pia kuutaja upungufu wake. Katika kitabu hicho hicho kilichowarudishia Waafrika jengo lao, aliwaeleza wajenzi kwa maneno ya dharau, akiifananisha fikira yao na ya watoto. Alikuwa mtoto wa zama zake. Vile vile, tarehe aliyoukadiria mwanzo wa mji, yaani karne ya 8 au ya 9, ilisogezwa mbele na vipimo vya kaboni, vilivyoonyesha kuwa kuta kubwa ni za kati ya karne ya 11 na ya 15. Hata hivyo, hoja yake kuu haijawahi kutikiswa.

Hureidha, mawe yanayosema

Wengi wangetosheka na hapo. Bi Caton-Thompson aliendelea kuchimbua katika oasisi ya Kharga nchini Misri, na kisha akaelekeza macho Uarabuni Kusini. Alitaka, pamoja na mambo mengine, kujua kama kweli kulikuwa na mshikamano wa kale kati ya bara hilo na Afrika Mashariki.

Safari hiyo ya 1937 na 1938 iliwezekana kwa sababu ya mtu ambaye wazee wa Zanzibar walimfahamu. Harold Ingrams, aliyewahi kuhudumu visiwani humo na kuandika historia yake, alikuwa wakati huo Mukalla, na ndiye aliyesaidia kuyapatanisha makabila ya Hadhramaut yaliyokuwa yakipigana. Bila sulhu hiyo, wanawake watatu wa Kizungu wasingefika bondeni.

Watatu hao walikuwa Bi Caton-Thompson, rafiki yake Bi Gardner, na mwandishi wa safari Freya Stark. Hawakupatana. Stark alipenda watu, mazungumzo na masimulizi. Caton-Thompson alipenda vipimo, na hakuwa na subira na wageni waliokuja kutazama shimo lake. Juu ya hayo, homa iliwaandama. Ugomvi wao ulijulikana na wasomaji wengi kuliko kazi yenyewe, na hilo ni jambo la kusikitisha.

Walipiga kambi Hureidha, katika bonde la Wadi Amd, mji ulio makao ya masharifu wa ukoo wa Al-Attas. Jina la Hadhramaut si geni kwa msomaji wa pwani. Msikiti wa Riyadha wa Lamu ulianzishwa na Habib Swaleh wa ukoo wa Jamalullayl, wenye asili ya huko, na familia nyingi kuanzia Pate hadi Ngazija huhesabu mababu zao hadi mabonde hayo.

Lakini Bi huyu alikuwa akitafuta watu waliotangulia Uislamu kwa zaidi ya karne kumi. Alifukua hekalu la Sin, mungu mkuu wa ufalme wa kale wa Hadhramaut, aliyechukuliwa na wataalamu wa wakati huo kuwa mungu wa mwezi. Alifungua pia makaburi ya pangoni, na pamoja na Gardner akafuatilia mifereji iliyokauka zamani. Ulikuwa uchimbuzi wa kwanza wa kisayansi kufanywa Hadhramaut.

Hekaluni humo palikuwa na mawe yaliyoandikwa. Mengi yalikuwa vipande tu: pembe ya jiwe, mstari uliokatika, herufi chache zilizosalia baada ya nyundo, upepo na wajenzi wa baadaye kuchukua sehemu yao.

Mwandiko wake huitwa Musnad. Una herufi 29, zote konsonanti, na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Katika mawe ya kale zaidi mstari mmoja huenda na unaofuata hurudi, mithili ya ng'ombe wa kulima anapogeuka mwisho wa shamba. Mwandiko huo ndio mzazi wa herufi za Ge'ez ambazo majirani zetu wa Ethiopia wanazitumia hadi leo.

Je, mtu husomaje jiwe lililobakisha herufi nne? Kwanza, hutazama umbo la herufi, maana ncha na pembe zake zilibadilika karne hadi karne, hivyo umbo hukadiria umri. Pili, hulinganisha. Maandishi ya nadhiri yalifuata mpangilio mmoja: jina la mtoaji na la babake, tendo la kutoa, jina la mungu anayepewa, na mara nyingi sababu yake. Anayeujua mpangilio huo, akipata nusu ya neno, huweza kukisia kilichotangulia au kilichofuata. Tatu, na hapa ndipo Bi Caton-Thompson alipokuwa na mchango wake, hutazama jiwe lilikutwa wapi: je, limo mahali lilipowekwa kwanza, au ni jiwe kuukuu lililookotwa na kutumiwa tena katika ukuta mpya?

Yeye mwenyewe hakuwa msomaji wa lugha hizo, wala hakujidai kuwa ndiye. Mawe hayo alimkabidhi Gonzague Ryckmans, padri na profesa wa Louvain nchini Ubelgiji, aliyekuwa bingwa wa maandishi ya Uarabuni Kusini. Kutokana na vipande hivyo ilijulikana kuwa hekalu lilikuwa la Sin, na kwamba mahali hapo paliitwa Madhab katika zama zake. Kitabu kamili kuhusu makaburi na hekalu la Hureidha kilichapishwa mwaka wa 1944, vita vingine vikiendelea.

Ushahidi wa kukosekana

Hapa ndipo safari zake mbili zinapokutana. Watu wa Uarabuni Kusini walikuwa waandishi wasiochoka. Waliandika juu ya mahekalu, mabwawa, makaburi na majabali ya kando ya njia. Hureidha, kijiji cha bondeni mbali na mji mkuu wa Shabwa, kilitoa maandishi kwa kuchimbuliwa msimu mmoja tu. Lau watu kama hao ndio waliojenga Great Zimbabwe, wangeliacha walau herufi moja katika kuta zile kubwa. Haikuonekana.

Vivyo hivyo, zana za mawe za binadamu wa kale alizozikusanya Hadhramaut hazikufanana na za Afrika Mashariki kama alivyotarajia, naye akaandika hivyo, ingawa jibu la kinyume lingeipa safari yake mvuto zaidi.

Haina maana kwamba bahari ilikuwa ukuta. Mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza baada ya Nabii Isa unaeleza jinsi wafanyabiashara wa Muza, katika Yemen ya leo, walivyofika pwani yetu, wakajua lugha ya wenyeji na kuoana nao. Biashara ilikuwepo, na ndoa zilikuwepo. Kuuza shanga katika mji, hata hivyo, si sawa na kuujenga mji.

Urithi wake hadi Mto Tana

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Bi Caton-Thompson aliacha uchimbuzi. Heshima zilikuwa zimemjia: nishani ya Rivers mnamo 1934, kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wataalamu wa historia ya kale nchini Uingereza, kuingizwa katika Akademia ya Uingereza mnamo 1944, na nishani ya Huxley mnamo 1946.

Taasisi ya Uingereza ya historia na akiolojia ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuwa na makao yake Nairobi, ilipoanzishwa, alikuwa miongoni mwa wajumbe wa kwanza wa baraza lake, na akahudumu kwa miaka 10. Katika kipindi hicho pwani yetu ilianza kuchunguzwa kwa dhati. James Kirkman, aliyeifukua Gedi, alichimbua pia Ungwana katika miaka ya 1950 na kuchapisha ripoti yake mwaka wa 1966. Mwaka huo huo Peter Garlake alitoa kitabu chake kuhusu usanifu wa majengo ya Kiislamu ya pwani ya Afrika Mashariki, na Ungwana imo.

Garlake huyo alikuwa msimamizi wa makumbusho ya kale huko Rhodesia. Serikali ya walowezi ilipotaka wageni watajwe kuwa huenda ndio waliojenga Great Zimbabwe, alikataa kuusaliti ushahidi, na mnamo 1970 akaondoka nchini humo. Miaka 41 baada ya hotuba ya Bi Caton-Thompson, ukweli alioutangaza ulikuwa bado unamfukuza mtu kazini.

Pwani nayo ilikuwa na mjadala wake. Wataalamu wengi wa zamani walielekea kuiona miji ya Waswahili kama makoloni ya Waarabu na Waajemi. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe wa Shanga, kisiwani Pate, akakuta chini yake mabaki ya misikiti midogo ya miti na udongo, ya tangu karne ya 8. Mji ulikua kutoka nyumba za udongo za wenyeji hadi nyumba za mawe; haukushushwa kutoka jahazini ukiwa mzima. Ilikuwa hoja ile ile ya Maund: tazama kilicho chini ya sakafu.

Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka wa 2023, uliotumia mifupa kutoka makaburi ya kale ya pwani, ulionyesha kuwa mababu wa wakazi wa miji hiyo walikuwa Waafrika na pia watu wa Asia, hasa Waajemi, waliochanganyika tangu takriban mwaka wa 1000. Kwa hivyo ukweli hauko kwa anayesema wageni walifanya yote, wala kwa anayesema hawakufika kamwe.

Bi Caton-Thompson aliishi muda wa kutosha kuona nchi huru ikijipa jina la Zimbabwe mnamo 1980, kutokana na mawe aliyoyatetea. Alichapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka wa 1983, na akafariki Aprili 18, 1985, akiwa na umri wa miaka 97. Mwaka uliofuata Great Zimbabwe iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Gedi iliingia mwaka wa 2024.

Ungwana haina umaarufu huo. Kuta zake zinaendelea kuliwa na mizizi na chumvi, na mtoto wa Garsen huweza kumaliza shule bila kuambiwa kwamba zipo. Huko Hureidha, vipande vya mawe vyenye herufi nne vilimtosha mtaalamu kulirudisha jina la mji uliosahaulika. Sharti moja tu lilikuwa kwamba vipande hivyo viwepo bado, na viwe mahali vilipoangukia. Jiwe la Ungwana likichukuliwa leo kujengea msingi wa nyumba, hakuna Caton-Thompson wa kesho atakayeweza kulihoji.